Filamu gani iliyotoka jukwaani imekukaa rohoni?

MwalimuWaTororo

Wakuu, hamjambo. Jumamosi iliyopita klabu yangu ya maigizo ilibakiwa na mafuta ya jenereta ya kama saa mbili, nikaona badala ya mazoezi niwawekee watoto wa Senior 3 sinema. Nikachagua 12 Angry Men, ile ya Sidney Lumet ya 1957. Projekta ya kuazima, shuka jeupe la mama watoto ukutani, madirisha tumeyaziba kwa magunia. Wanaume kumi na wawili wamefungiwa chumbani, joto linawatoa jasho, wanabishana kama kijana fulani alimuua baba yake au hakumuua. Dakika ya ishirini hivi mtoto mmoja wa nyuma akanyoosha mkono: "Mwalimu, sinema inaanza saa ngapi?"

Nilicheka, lakini nilimwelewa. Filamu ina dakika 96, na za nje ya kile chumba hazizidi tatu au nne. Mtoto alikuwa anangoja aonyeshwe mauaji. Halafu ikafika pale Henry Fonda anapotoa kisu mfukoni, pacha wa kile cha ushahidi, na kukichomeka mezani. Darasa zima likaruka. Kuanzia hapo hakuna aliyeniuliza kitu, hata jenereta ilipoanza kukohoa.

Basi nataka kusikia kutoka kwenu. Filamu gani iliyozaliwa kama tamthilia ya jukwaani mnaipenda, na ni kwa nini? Sharti ni moja tu: iwe imetoka jukwaani kweli. Wa Last King of Scotland na Queen of Katwe mtulie, hizo zilitoka vitabuni.

Kondakta256

Mwalimu umejifunga bao, tena dakika ya kwanza. 12 Angry Men haikutoka jukwaani. Reginald Rose aliiandikia televisheni, ikaonyeshwa CBS mwaka 1954. Jukwaani ilipanda baadaye. Sharti lako limekutoa kwenye uzi wako mwenyewe.

Na Casablanca ya 1942 tuiweke wapi? Ile ilitokana na tamthilia ambayo ilikuwa haijawahi kuchezwa popote studio ilipoinunua. Moonlight ya 2016 nayo ni vilevile, maandishi ya Tarell Alvin McCraney yaliyokuwa hayajaona jukwaa. Nauliza tu, mimi ni mtu wa vituo.

MwalimuWaTororo

Nimekubali faini. Casablanca na Moonlight zipande, zisimame mlangoni.

BintiArua

Mnazunguka mbuyu na jibu mnalijua. Sarafina! Nani hapa hajaiona Sarafina?

Niliiona mara ya kwanza Arua nikiwa primary, kwenye kibanda cha papyrus, televisheni ndogo imewekwa juu ya kabati lenye kufuli. Wimbo ulipoanza watu walikanyaga benchi mpaka mwenye kibanda akasimamisha kanda, akawasha taa, akatuomba kwa unyenyekevu kabisa tuimbe tu, miguu tuiache chini. Tukaimba. Hakuna aliyejua Kizulu.

Nilipokuwa mkubwa ndipo nikajua kwamba ilikuwa ya jukwaani kwanza. Mbongeni Ngema aliipandisha Market Theatre, Johannesburg, mwaka 1987, na mwaka uliofuata ikawa Broadway, kule kwenye kumbi kubwa za maigizo za New York. Leleti Khumalo alikuwa Sarafina kule na akawa Sarafina kwenye filamu ya Darrell Roodt ya 1992. Jukwaani mwalimu wa wale wanafunzi wa Soweto aliitwa Mistress It's a Pity. Kwenye filamu akawa Mary Masombuka, Whoopi Goldberg, na akapewa uzito wake mwenyewe: nyumba, bunduki iliyofichwa, kifo.

Watu wengi wanasifu nyimbo. Mimi kinachonishika ni pale Sarafina anapokwenda kumwona mama yake kwenye nyumba ya Wazungu alikoajiriwa. Mama ni Miriam Makeba, mwanamke ambaye dunia nzima ilikuwa inamlipa aimbe. Pale yumo kwenye sare ya kazi, anaongea kwa sauti ya chini ili wenye nyumba wasisikie. Hebu fikiria uko safu ya nyuma kabisa ukumbini, utauona uso ule? Hapo ndipo sinema inapolishinda jukwaa. Inakupeleka mpaka jikoni kwa watu.

MtotoWaCampus

Sound of Music. Ile ya milima. Msinipige.

Kondakta256

Hupigwi. Broadway 1959, filamu 1965. Umepita kihalali, kaa nyuma.

AfandeMstaafu

Salamu kutoka Bombo. Mimi si mtu wa maneno mengi, ila hapa mmenigusa.

Kuna filamu inaitwa A Soldier's Story, ya 1984, Norman Jewison. Imetoka kwenye tamthilia ya Charles Fuller, A Soldier's Play, iliyopata tuzo ya Pulitzer mwaka 1982. Ni kambi ya askari weusi huko Louisiana, mwaka 1944. Sajini wao, Waters, ameuawa kwa risasi usiku. Wote wanadhani ni kazi ya Wazungu wa mjini. Anatumwa kapteni mweusi kuchunguza, na kila askari anayemhoji anatoa kipande chake cha yule sajini.

Sasa nisikilizeni. Nimekaa jeshini miaka mingi. Sajini kama Waters nawajua. Anachukia wa kwake kuliko anavyomchukia adui, kwa sababu wa kwake wanamkumbusha kijiji. Mle ndani kuna kijana wa gitaa, C.J., mpole, anaimba, hana ubaya na mtu. Waters anamtengenezea kesi kwa sababu tu ya ule ushamba wake. Niliiangalia na wenzangu wanne mesi, na hakuna aliyemtazama mwenzake usoni ilipofika pale. Kila mtu alikuwa na C.J. wake.

Adolph Caesar aliyecheza Waters, na Denzel Washington akiwa bado kijana, wote walitoka nayo jukwaani. Unaona kabisa hawaigizi kwa kubahatisha. Mtu aliyerudia neno moja kila usiku kwa miezi, akiletwa mbele ya kamera halitamki tena, linamtoka lenyewe. Kama amri ya gwaride.

A Few Good Men nayo ni nzuri, Aaron Sorkin, ilianzia jukwaani 1989. Lakini ile wanaipenda mawakili. Nicholson anafoka vizuri, hilo sikatai.

KibandaKatwe

Afande heshima yako. Wakuu, mimi ni mtu wa kazi yenyewe. Nina kibanda cha video, na nimeshika maiki kama VJ, yule anayetafsiri filamu papo hapo ikiendelea, miaka kumi na kitu. Luganda ndiyo biashara. Alhamisi natafsiri kwa Kiswahili, kwa ajili ya Wakongo na madereva wa malori.

Niwaambie siri ya maiki. Filamu iliyotoka jukwaani ni adui wa VJ. Filamu ya ngumi inakupa nafasi: mtu anakimbia, anaruka ukuta, gari linalipuka, wewe unapumua, unatia kichekesho, unamsalimia jirani anayeuza chapati. Ya jukwaani wanaongea tu. Huyu akimaliza yule anadaka. Wewe ni mmoja, wao sita. Ukikohoa umepoteza sentensi tatu.

Mwaka fulani nikajifanya mjanja, nikaweka Fences ya Denzel, ya 2016. Bango la nje niliandika DENZEL na picha yake, sikusema ni filamu ya namna gani (biashara ni biashara). Watu wakajaa. Saa nzima Denzel yuko uani anaongea, anakunywa, anaongea. Nikaanza kusikia miguu inasugua chini. Vijana wawili wakadai shilingi mia tano zao. Mimi natafsiri mpaka koo limekauka, nimeshamfanya Troy, yaani Denzel, anaongea kama mzee wa Masaka aliyenyimwa shamba, angalau wacheke.

Ndipo ikafika pale anapomwambia mkewe kwamba mwanamke mwingine ana mimba yake. Rose, ni Viola Davis, akaanza kumjibu. Miaka kumi na minane amesimama naye. Makamasi yanamtoka na hayafuti. Nikafungua mdomo kutafsiri, kisha nikashusha maiki mezani. Nikaizima kabisa. Mle ndani nusu ya watu hawajui Kiingereza hata cha kuombea maji, na hakuna aliyelalamika. Mama mmoja muuza nyanya akasema kwa sauti, "Mwache amalize."

Hiyo ndiyo yangu. Na wale vijana wa mia tano hawakuondoka.

Kondakta256

Nimeipenda hadithi, lakini nauliza kwa uchungu: Fences ni filamu au ni tamthilia iliyowekewa kamera? Ua, jikoni, ua. August Wilson aliyeiandika alifariki 2005 na bado mswada wa filamu ni wake. Denzel alichukua wenzake watano aliocheza nao Broadway 2010...

BintiArua

Wanne. Yeye ndiye wa tano.

Kondakta256

...wanne, asante dada. Akawapeleka Pittsburgh, akawasha kamera. Kazi ya mwongozaji iko wapi hapo?

MwalimuWaTororo

Iko kwenye kukataa kukimbia. Wengi wakipewa tamthilia wanaona aibu ya kile chumba kimoja. Wanaongeza treni, sokoni, mvua, mhusika anatembea barabarani akiwaza. Mwisho wa yote maneno yaleyale yaliyoandikwa kwa ajili ya chumba yanasemwa juu ya daraja, na hayana kuta za kugonga yakarudi.

Angalia Lumet alivyofanya kwenye ile niliyotozwa faini. Mwanzo kamera iko juu ya macho ya wale wanaume, na lenzi ni pana, chumba kinaonekana na hewa. Katikati inashuka usawa wa macho. Theluthi ya mwisho iko chini, lenzi ndefu, na dari linaanza kuingia kwenye picha. Hakuna aliyehamisha ukuta hata mmoja, ila mtazamaji anahisi anabanwa. Wanafunzi wangu hawakujua kwa nini walikuwa wanalegeza tai.

Elia Kazan naye alihamisha ukuta kweli. A Streetcar Named Desire aliipandisha Broadway 1947 na akaifanya filamu 1951. Seti ilijengwa kuta zake ziweze kusogezwa, ile nyumba ikawa inamsonga Blanche, mhusika mkuu, kadiri siku zinavyokwenda. Marlon Brando alitoka nayo Broadway. Vivien Leigh alikuwa ameicheza London, akaletwa kati ya watu waliokwisha kuzoeana, mgeni kama Blanche mwenyewe. Yeye, Kim Hunter na Karl Malden wakachukua Oscar, Brando akarudi mikono mitupu! Wakubwa wa maadili waliwalazimisha kubadilisha mwisho, Stella, mdogo wake Blanche, aonekane anamkimbia mumewe. Tamthilia haikumpa njia rahisi hivyo.

BintiArua

Mwalimu, kwa hesabu yako Sarafina ni kosa? Ile ilikimbia chumba mbio zote. Barabara, vumbi la Soweto, watoto mia wanakimbia.

MwalimuWaTororo

Hapana. Ile jukwaani haikuwa chumba tangu mwanzo. Ilikuwa uwanja wa shule, na uwanja wa shule uko nje.

BintiArua

Umeponea hapo hapo. Ila mimi bado nina neno. Jukwaani watoto waliimba na kucheza juu ya kile kilichotokea Juni 16, 1976, wanafunzi wa Soweto walipoandamana na kupigwa risasi. Filamu inakuonyesha na kile ambacho watoto nao walifanya: yule askari mweusi, Sabela, anachomwa moto na wanafunzi. Nilipokuwa mdogo sikukumbuka kabisa hicho kipande, nilikumbuka ngoma tu. Nimeirudia juzi nikiwa na watoto wangu, nikajikuta natafuta rimoti.

Kivu_Nsambya

Habari za jioni wapendwa. Kiswahili changu ni cha Bukavu, mnivumilie.

Yangu ni Hyènes, ya Djibril Diop Mambéty, Msenegali, 1992. Ilitoka kwenye tamthilia ya Friedrich Dürrenmatt, Mswisi, ya 1956, kuhusu mji wa Ulaya uliofilisika. Mambéty akauchukua ule mji akauweka Colobane, na watu wakaongea Kiwolofu. Ukiiangalia huwezi kuamini kwamba kuna Mswisi aliyewahi kuhusika.

Mwanamke mzee, Linguère Ramatou, anarudi nyumbani akiwa na utajiri wa kushindana na Benki ya Dunia. Alipokuwa binti alipewa mimba na Draman, huyu sasa ana duka na anapendwa na mji mzima. Draman alimkana, akanunua na mashahidi wa uongo. Ramatou anawaambia watu: nitawapa pesa zote mnazotaka, niuieni huyu. Wanakataa kwa hasira. Sisi ni maskini, lakini ni watu!

Halafu tazama miguu. Ndiyo, miguu. Wanaanza kuingia dukani kwa Draman, mmoja mmoja, wananunua sigara nzuri, pombe nzuri, wanasema andika kwenye daftari, nitalipa. Draman anaandika. Anainua macho anaona wote wamevaa viatu vipya vya njano. Anaelewa. Wanakopa kwa dhamana ya maiti yake. Yeye ndiye anayewaandikia deni.

Mwisho wanamzunguka, wakiachana pale chini limebaki koti.

Mimi nimekimbia nyumbani kwangu mara mbili. Kati ya walioniuza, mmoja alikuwa na baiskeli mpya wiki ileile. Sijasema neno lingine juu ya hilo. Ninachosema ni kwamba Mambéty aliijua ile baiskeli.

AfandeMstaafu

Pole ndugu yangu. Karibu Bombo siku yoyote, uulize nyumba ya mzee mwenye mbuzi wa mkia mfupi.

KibandaKatwe

Pole sana kaka. Hiyo nitaitafuta, na sitaweka bango la uongo.

Naongezea kwa alichosema. Zinazohamishwa nyumba kabisa ndizo zinazoshika watu wangu. Maqbool ya Vishal Bhardwaj, 2003, ni Macbeth wa Shakespeare ameletwa kwa majambazi wa Mumbai, na wale wachawi wamegeuzwa polisi wawili wala rushwa wanaopiga ramli ya nyota. Pale sikutafsiri sana. Polisi mla rushwa anayejua kesho yako hahitaji VJ. Omkara, 2006, ni Othello. Nayo ilijaa, ila wengi walifuata nyimbo.

Kondakta256

Kurosawa alitangulia. Throne of Blood, 1957, Macbeth wa Kijapani. Mishale ya mwisho inayomfuata Toshiro Mifune mingi ilikuwa ya kweli, imepigwa na wapiga mishale kweli. Ile hofu usoni siyo ya kuigiza.

MtotoWaCampus

Kwa hiyo wote mnaongea za nje. Za kwetu ziko wapi?

Nalongo_wa_Makindye

Mwanangu umeuliza kitu ambacho nimekikalia tangu uzi uanze.

Afrika wapo waliojaribu. Kongi's Harvest ya Wole Soyinka ikawa filamu mwaka 1970, akaicheza yeye mwenyewe kama Kongi, na bado akaikana. Miaka hamsini baadaye Biyi Bandele akaichukua Death and the King's Horseman, akaiita Elesin Oba, akairudisha kwa Kiyoruba. Akafariki Agosti 2022, kabla haijaonyeshwa kwenye tamasha la filamu la Toronto. Wapo wanaosema ile ya Kiyoruba imepunguza ushairi wa Kiingereza cha Soyinka. Mimi nasema kile Kiingereza tangu mwanzo kilikuwa kinatafsiri Kiyoruba, imerudi kwao tu.

Sasa kwetu. National Theatre imefunguliwa 1959, nami nimekaa kwenye viti vile tangu usichana wangu. Byron Kawadwa alituandikia Oluyimba lwa Wankoko, ikapelekwa FESTAC, lile tamasha la sanaa za Waafrika, kule Lagos mwaka 1977. Mwaka uleule aliuawa, enzi za Amin. Sinema gani ingetoka hapo? Mwenye kuandika hayupo, na wenye kucheza wengine walikwenda kaburini, wengine uhamishoni.

Lakini moja nitaililia mpaka kufa: The Burdens ya John Ruganda, 1972. Wamala alikuwa waziri, akaanguka, sasa anakaa kwenye kibanda duni na mkewe Tinka. Mtoto wao Kaija anahitaji kitanda. Kitanda tu! Na katikati mle mume na mke wanaigiziana: yeye anajifanya anakwenda kwa tajiri kuomba, mke anakuwa yule tajiri. Wanaanza kwa kucheka. Unaona mchezo unavyogeuka mikononi mwao mpaka siyo mchezo tena. Chumba kimoja, watu wanne. Haihitaji helikopta wala jeshi. Inahitaji kitanda kisichokuwepo, na mtu wa kamera mwenye subira.

Nimemwambia mwanangu mmoja anayepiga video za harusi. Akaniuliza, "Mama, hiyo ina action?" Nikampa chai.

MwalimuWaTororo

Nalongo, nimecheka na nimeumia. The Burdens nimeifundisha mara sita na sijawahi kuiona ikichezwa.

Naomba niulize wakuu jambo la haraka, jenereta imepata mafuta tena. Klabu inafanya Juliasi Kaizari, ile tafsiri ya Mwalimu Nyerere. Aliitoa kwanza 1963, kisha akairekebisha 1969. Watoto wameshika hotuba ya Antoni kwa kichwa. Nataka niwawekee filamu ya 1953, ambamo Antoni ni Brando, ila Kiingereza chake kitawapiga chenga.

KibandaKatwe

Mwalimu, zima sauti ya filamu. Mimi nije na maiki, nisome maneno ya Nyerere juu ya mdomo wa Brando.

Kondakta256

Hayatalingana na mdomo.

KibandaKatwe

Kondakta, lini umeona midomo inalingana kibandani? Hotuba ina urefu gani?

MwalimuWaTororo

Ndefu, na wananchi wa Roma wanaingilia kila dakika. Hao ni watoto wangu. Watapiga kelele wakiwa wamekaa kwenye viti vyao, huna haja ya kuwafanya wote.

KibandaKatwe

Basi nimepata watu wa kunidakia, mara ya kwanza kwenye kazi hii. Nauli ya basi juu yenu, spika nakuja nayo. Waya wangu wa maiki ni mita tano tu. Jenereta mmeiweka wapi?

MwalimuWaTororo

Nyuma ya jiko, kwa ajili ya kelele. Tafuta waya mrefu.

Nalongo_wa_Makindye

Na mimi nakuja. Niwekeeni kiti chenye mgongo.